Upasuaji wa mgongo: maswali tunayoulizwa kila siku

Mimi si daktari wa upasuaji. Kazi yangu ni mazoezi tiba kwenye wodi ya mifupa. Asubuhi baada ya upasuaji, nikija kitandani nikasema "Shikamoo mzee, leo tunakaa," mgonjwa huniangalia kama mtu aliyekuja kumvunja. Maswali haya nimeyakusanya kutoka kliniki, kwenye korido na kwenye simu za ndugu. Majibu hayachukui nafasi ya daktari wako aliyekuona na kushika picha zako mkononi.

Nikipasuliwa mgongo, si nitapooza?

Hili ndilo la kwanza, na mara nyingi halitoki kwa mgonjwa. Hutoka kwa shemeji aliyesimama mlangoni, ambaye "anamjua mtu" aliyepasuliwa hasimami tena.

Ule uti wenyewe, kamba ya mishipa ya fahamu inayoshuka kutoka kwenye ubongo, haufiki hadi mwisho wa mgongo. Kwa mtu mzima unaishia usawa wa pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Chini ya hapo kamba hakuna, zimebaki nyuzi nyingi zinazoelea kwenye maji, na madaktari wa zamani waliziita mkia wa farasi kwa jinsi zilivyo. Diski, ile mito iliyo kati ya pingili, nyingi zinazopasuliwa ziko pingili ya nne na ya tano ya kiuno, chini kabisa ya mahali uti ulipoishia. Mpasuaji akifanya kazi pale, uti hauko mbele yake.

Sisemi hakuna hatari. Uzi mmoja unaweza kuumia na mguu ukawa mzito, na ukipanda kifuani au shingoni ambako uti upo, hatari inaongezeka. Lakini katika watu waliopooza niliowahudumia, walio wengi waliingia hospitalini tayari wamepooza. Miguu ilianza kufa ganzi, wakaogopa kisu, wakasubiri. Huyo jamaa wa shemeji, ukiuliza vizuri, mara nyingi utakuta alikuwa hasimami hata kabla ya kupasuliwa.

Upasuaji huo unafanya nini hasa?

Kazi zake ni tatu. Kufungua nafasi pale mishipa ya fahamu ilipobanwa na diski, mfupa, usaha au uvimbe. Kufunga pingili zilizolegea au kuvunjika zisicheze, kwa skrubu na fito za chuma, mpaka mfupa uote na kuziunganisha. Na kunyoosha mgongo uliopinda.

Kuondoa maumivu ya mgongo ambayo chanzo chake hakionekani hakumo katika hizo tatu. Ukimwambia daktari "nitoe tu haya maumivu" naye akakubali haraka bila kukuonyesha kwenye picha ni wapi pamebanwa, tafuta daktari wa pili.

Picha inasema pingili zimesagika. Nimekwisha?

Hapana. Neno "zimesagika" limewatia watu hofu isiyo na sababu, kana kwamba mgongo ni mahindi mashineni. Maana yake diski imepungua maji na kuwa myembamba. Ni kama mvi. Mwaka 2015 watafiti walichapisha uchambuzi wa picha za watu zaidi ya 3,000 ambao hawakuwa na maumivu yoyote ya mgongo: dalili za diski kuchakaa zilionekana kwa asilimia 37 ya wenye miaka 20, na kwa asilimia 96 ya wenye miaka 80. Wote hao walikuwa wakiendelea na shughuli zao.

Ndiyo maana daktari mzuri anakupima kwanza, akugonge goti, akuambie utembee kwa visigino na kwa ncha za vidole, halafu ndipo aangalie picha ya MRI, ile inayoonyesha diski na mishipa ya fahamu. Picha isiyolingana na mwili wako haipasuliwi.

Diski imetoka na mguu unawaka moto. Lazima nipasuliwe?

Wengi hawahitaji. Diski iliyochomoza husinyaa yenyewe kwa wagonjwa wengi, na maumivu ya mguu hupungua ndani ya wiki sita hadi miezi mitatu kwa dawa, kutembea taratibu na mazoezi. Kulala kitandani wiki mbili, kama tulivyokuwa tukiwaambia watu zamani, kunadhoofisha misuli tu.

Upasuaji unaingia pale muda huo umepita na mguu bado haukupi usingizi, au pale nguvu zinapungua: kandambili inakuvuka bila wewe kujua, wayo unaburuzika. Na ujue jambo moja mapema. Upasuaji wa diski hutibu mguu vizuri kuliko unavyotibu mgongo. Wanaotarajia mguu huondoka na furaha. Wanaotarajia kiuno kirudi cha ujana huja kunilalamikia mimi.

Baba hawezi kufika msikitini bila kukaa njiani mara mbili, lakini baiskeli anaendesha. Anadeka?

Hadeki. Hiyo baiskeli ndiyo inatoa siri. Kwa wazee, mfereji unaopitisha mishipa ya fahamu huwa mwembamba. Akisimama wima unabana zaidi, miguu inakuwa mizito kama amefungwa mawe. Akiinama mbele unafunguka. Kwa hiyo atasukuma mkokoteni mpaka sokoni, ataendesha baiskeli hadi shamba, na mita 200 za kutembea wima zitamshinda. Akikaa dakika tano, anainuka mzima.

Hawa, wakichaguliwa vizuri, ni kati ya wagonjwa wanaofurahia sana upasuaji. Umri peke yake si kizuizi. Sukari, presha na moyo ndivyo vinavyoangaliwa.

Dalili gani hazisubiri kesho?

Mkojo kugoma, au kutoka bila wewe kuhisi. Haja kubwa kukuponyoka. Ganzi sehemu zinazogusa tandiko ukipanda farasi, yaani makalio, katikati ya mapaja na sehemu za siri. Miguu yote miwili kuishiwa nguvu. Hapo mkia wa farasi umebanwa, na saa zinahesabika. Usisubiri kliniki ya Jumatatu. Watu huona haya kutaja sehemu hizo mbele ya watoto wao, basi nakuomba wewe mtoto utoke nje kidogo umwache mzazi aseme.

Homa na kukonda pamoja na maumivu yanayozidi usiku, au maumivu mapya kwa mtu aliyewahi kuugua saratani, nayo yanataka haraka.

Mtoto ameota nundu mgongoni. Wanasema ni kibiongo cha kurogwa.

Mpeleke akapimwe kifua kikuu (TB) cha mgongo. Daktari Percivall Pott wa London aliuandika ugonjwa huu mwaka 1779: mgongo unaopinda kwa ncha, na miguu inayoishiwa nguvu. Hakujua kinachousababisha. Ugonjwa wenyewe ni wa kale kuliko yeye, umeonekana hata kwenye maiti zilizokaushwa za Misri ya kale.

Kinachowapoteza watu ni kikohozi. Wanasema, "Huyu hakohoi, TB itoke wapi?" Kifua kikuu cha mgongo hakihitaji kikohozi. Vijidudu husafiri kwa damu, vikala pingili mbili zinazopakana, mbele zikaanguka, na nyuma ikachomoza ncha. Usaha wake unaweza kuteremka kufuata msuli hadi kinenani na kuonekana kama jipu la kawaida. Jipu la kinena lisilouma wala kuwa na joto, mwenyewe akiwa analalamika mgongo, halitumbuliwi zahanati. Linapimwa.

Tiba ya kwanza ni dawa, si kisu, na dawa za TB hutolewa bure Tanzania na Kenya. Mgonjwa wa mgongo hutumia muda mrefu kuliko wa mapafu, mara nyingi hadi mwaka mzima. Anapimwa pia virusi vya UKIMWI, kwa sababu magonjwa haya hutembea pamoja.

Upasuaji unaongezwa pale miguu inapozidi kudhoofika, usaha ni mwingi na unabana uti, pingili zimebomoka hazishikani, au daktari hana uhakika kama ni TB au saratani. Kusafisha pingili kwa kupitia mbele na kuziba pengo kwa kipande cha mfupa kulipata umaarufu Hong Kong miaka ya 1950, na msingi huo bado unatumika, sasa pamoja na vyuma. Kwa mtoto kuna tahadhari ya ziada: TB inaweza kupona kabisa na nundu ikaendelea kukua kadiri anavyorefuka. Kumaliza dawa si kumaliza kliniki.

Nikiwa bado mgeni kazini, tulimpokea kijana aliyefunga kamba nyekundu kiunoni, amechanjwa chale safu mbili kila upande wa nundu, zimejipanga vizuri kama mshono wa cherehani. Miezi minane ilikuwa imepita. Alipona TB, miguu ikarudi kiasi cha kutembelea magongo. Zile chale bado naziona.

Binti yangu bega moja liko juu. Ni mkoba wa shule?

Si mkoba, si kukaa vibaya, wala si uvivu. Mgongo kupinda kwa upande, madaktari wanauita skoliosisi, mara nyingi huanza umri wa kuvunja ungo bila sababu inayojulikana, na kwa wasichana ndiko kunakozidi hadi kuhitaji tiba.

Mpime nyumbani. Asimame miguu pamoja, ainame taratibu kama anayeokota kitu, mikono ining'inie. Wewe kaa nyuma yake, macho yako yawe usawa wa mgongo. Upande mmoja wa mbavu ukiinuka kama kilima kuliko mwingine, nendeni mkapige eksirei.

Kwenye eksirei daktari atapima pembe, kwa njia iliyoelezwa na Mmarekani John Cobb mwaka 1948. Chini ya nyuzi 10 haiitwi skoliosisi. Kati ya 25 na 40, kama bado anakua, mkanda mgumu wa mwili unaweza kuzuia isizidi, ila ni wa kuvaliwa saa nyingi kwa siku, na kwenye joto la Dar es Salaam au Mombasa hilo ni jambo zito. Usimgombeze akiuvua, kaeni mzungumze. Ikivuka 45 au 50, upasuaji unazungumzwa, kwa sababu pinda kubwa huendelea hata baada ya kukua, na pinda kubwa sana ya kifuani hubana mapafu.

Kabla ya miaka ya 1960 watoto waliopasuliwa walikaa miezi ndani ya plasta ya mwili mzima. Paul Harrington wa Houston, Texas, ndiye aliyeleta fito za chuma za kushika mgongo kutoka ndani. Leo kila pingili inaweza kushikwa kwa skrubu zake, na wengi hutembea ndani ya siku chache. Pinda iliyoachwa mpaka ikapita kiasi hainyooshwi kwa siku moja. Mtoto hufungwa taji la chuma kwenye fuvu, kamba na uzito vikamvuta taratibu kwa wiki kadhaa kabla ya upasuaji. Hospitali ya FOCOS ya Accra, Ghana, aliyoiasisi daktari Oheneba Boachie-Adjei, inajulikana kwa kazi hiyo, na imepokea wagonjwa kutoka mbali, hata Ethiopia.

Binti akisema maisha yake yameisha, mwambie Usain Bolt naye ana skoliosisi. Hunyanyua kichwa mara moja.

Watajuaje hawajagusa uti wakati amelala?

Hospitali zenye mashine hupitisha umeme mdogo kutoka kichwani hadi miguuni wakati wote wa upasuaji. Mawimbi yakishuka, wanasimama na kurudi nyuma. Pasipo mashine kuna njia ya zamani, ambayo ndugu hawaamini mpaka waisikie kwa mgonjwa. Katikati ya kazi dawa ya usingizi inapunguzwa, anaitwa jina, anaambiwa, "Chezesha vidole vya miguu." Akichezesha, analazwa tena. Karibu wote hawakumbuki chochote.

Kaka ameanguka kutoka juu ya mnazi. Tumbebeje?

Msimkunje kwenye bajaji. Msimkalishe "apate hewa". Tafuteni mlango, ubao au kitanda cha kamba kilichokazwa, mtu mmoja ashike kichwa kisicheze, wengine wamgeuze kwa pamoja kama gogo. Minazi, miembe na bodaboda vinatuletea vijana wengi, na wapo ambao uti wao ulikuwa bado mzima pale chini ya mti.

Kuhusu upasuaji wake, nitasema ukweli ambao si mtamu. Kama uti umebanwa na sehemu yake bado inafanya kazi, kufungua mapema kunampa nafasi nzuri ya kupata nguvu. Kama umekatika kabisa, hakuna upasuaji duniani unaouunga. Hata hivyo anaweza kupasuliwa ili pingili zishikane, aweze kukaa, kuingia kwenye kiti cha magurudumu na kuondokana na vidonda. Ndugu wakisikia "apasuliwe" wanaelewa "atatembea". Muulizeni daktari wazi ni lipi kati ya hayo mawili.

Vidonda ndivyo vinavyoua. Ageuzwe kila saa mbili, usiku na mchana. Na miguu isiyohisi msiikande kwa maji ya moto. Nimeona ngozi ikitoka kama soksi kwa sababu mama alitaka "kuamsha damu", na mgonjwa alikuwa akiongea naye hana habari.

Mtoto amezaliwa na mgongo wazi.

Mlazeni kifudifudi au ubavu, funikeni kwa shashi safi iliyoloweshwa maji ya chumvi ya hospitali, msipake kitu, mpelekeni rufaa siku hiyo hiyo. Inafaa kufungwa ndani ya saa 48, kabla vijidudu havijaingia. Wengi wao pia hupata kichwa kikubwa kwa maji kujaa, na huwekewa mrija. Mgongo wa mtoto hujifunga ndani ya siku 28 za kwanza tangu mimba kutungwa, mama hata hajajua. Ndiyo maana foliki asidi, mikrogramu 400 kwa siku, huanzwa kabla ya mimba. Aliyewahi kuzaa mtoto wa namna hii huandikiwa dozi kubwa zaidi.

Siku zenyewe zinakuwaje?

Utapewa nusu kaputi, utalazwa kifudifudi. Diski moja ni saa moja au mbili, kunyoosha mgongo mzima ni siku nzima ya kazi na damu huandaliwa mapema. Ndugu wachangie damu kabla, si asubuhi hiyo hiyo.

Kesho yake ndipo nakuja mimi. Tunageuka ubavu kwa pamoja, miguu inashuka kitandani, mkono unasukuma godoro, umekaa. Utaona kizunguzungu. Utapumzika. Kama daktari ameruhusu, tunasimama. Kidonda kinauma, ndiyo, lakini wagonjwa wa diski mara nyingi hukaa kimya kidogo halafu husema, "Mbona mguu hauumi?" Sijawahi kuchoka kulisikia hilo.

Hatari ni zipi?

Kidonda kuingia vijidudu, hasa kwa mwenye sukari isiyotulia. Maji ya uti kuvuja. Damu kuganda miguuni. Skrubu kulegea kwa mwenye mifupa milaini. Pingili kukataa kuungana, na hapa sigara ni adui mkubwa. Mvutaji aache wiki kadhaa kabla, na aendelee kuacha. Mshipa kuumia nimeshautaja. Mwombe daktari akutajie hatari zako wewe, kwa mgongo wako.

Na kuchua, kuumika, mkanda wa dukani?

Kuchua misuli iliyokaza hakudhuru mtu asiye na dalili za hatari. Kukanyagwa mgongo na kuvutwa shingo ghafla sikubali. Kuumika hakufiki kwenye diski. Mkanda ukivaa miezi, misuli inalala.

Tuende wapi, na gharama?

Tanzania, kitovu ni Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, iliyoanzishwa 1996. Kuna pia KCMC Moshi na Bugando Mwanza. Kenya kuna Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, hospitali ya rufaa ya Moi ya Eldoret, na Kijabe. Kinachopandisha bei ni vyuma, kwa hiyo ulizeni bima kabla kama vyuma vinalipiwa vyote, na majibu yawe kwa maandishi. Familia moja iliambiwa kwa mdomo "vimo", siku ya upasuaji vikawa havimo, mgonjwa akarudishwa wodini na njaa yake ya tangu usiku.

Nitaweza kusujudu? Choo cha kuchuchumaa? Kuzaa?

Wiki za mwanzo sali ukiwa kwenye kiti, dini imekupa nafasi hiyo. Baada ya diski, wengi hurudi kusujudu ndani ya miezi michache. Aliyefungwa pingili za kiuno husubiri zaidi, na wengine hubaki na kiti. Choo cha kuchuchumaa kiwekewe kiti chenye tundu, fundi seremala yeyote anakitengeneza. Ndoo kichwani, miezi mitatu ya kwanza usifikirie. Tendo la ndoa linarudi kidonda kikipona na maumivu kutulia. Uliza tu, tumeshazoea. Kuzaa inawezekana, hata kwa njia ya kawaida, ila mwambie mtoa dawa ya usingizi mapema, maana sindano ya mgongoni inaweza kuwa ngumu kupita penye vyuma.

Vyuma vitatolewa lini? Nataka kwenda Hija.

Kwa kawaida havitolewi, labda vimelegea au vimeingia vijidudu. Vingi ni vya titani, havishiki kutu, na MRI unaweza kupiga baadaye ukitaja kwanza kwamba unavyo. Mashine ya uwanja wa ndege inaweza kulia au isilie, basi omba barua fupi hospitalini, utembee nayo pamoja na pasipoti. Kwa Hija, hesabu angalau miezi kadhaa tangu upasuaji, daktari akuone kabla hujalipa, na tafuta wa kwenda nawe: mtu wa kukubebea begi.